Sifuri ya Nzi

Ustadhi Rifaat, mwalimu wa fizikia, alitangaza sharti lake kwa sauti ya hakimu: atakayekokotoa nafasi kati ya mistari ya mwanga, na jibu likalingana na rula, atatiliwa saini ruhusa ya kwenda nyumbani kusherehekea Sham en-Nesim, sikukuu ya machipuko. Atakayeshindwa atakula sikukuu hapahapa bwenini Tanta, na dengu.

Wahdan alikuwa na bibi mjini Mansura, na bibi alikuwa na fesikh, samaki aliyevundikwa kwenye chumvi mpaka harufu yake ikastahili kitambulisho. Kwa ajili ya samaki huyo Wahdan alikuwa radhi hata kusoma fizikia.

Alimulika leza kwenye kioo chenye mianya miwili. Ukutani, mita mbili mbele, ikajipanga mistari myekundu ikipishana na giza, kama pajama ya Bishoy wa meza ya jirani, ambaye ruhusa yake ilikwisha kutiwa saini. Rula ikasema: mstari hadi mstari, milimita 5.2. Zikafuata hesabu: urefu wa wimbi, nanomita 650, mara mita mbili, gawanya kwa nafasi ya mianya iliyoandikwa kwenye lebo, mikromita 2500.

Milimita 0.52.

“Umekosea mara kumi tu, kaka,” Bishoy alimfariji. “Nitakuletea miba.”

“Funga mdomo, we pajama!”

Ustadhi akainamia kioo, macho yakamtoka. “Lebo hii niliiandika mwenyewe. Mia mbili na hamsini! Nani kaongeza sifuri?”

Darasa zima likamgeukia Wahdan. Kisa cha gundi aliyoipaka kwenye chaki za Ustadhi kilikuwa hakijafikisha hata wiki.

“Wallahi, Ustadhi, safari hii si mimi!”

“Hiyo ‘safari hii’ nimeisikia.”

Wahdan akaikodolea macho lebo. Sifuri ya Kiarabu ni nukta tu, na hapo nukta zilikuwa mbili: moja ya wino, nyingine ya hudhurungi, tena imetuna kidogo. Akalowesha kidole kwa mate, akasugua. Ya pili ikatoka. Juu ya taa, nzi alikuwa akisugua mikono kama fundi aliyemaliza kazi.

“Ustadhi, sifuri hii ni mavi ya nzi.”

Ustadhi akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Wahdan akagawanya upya: 5.2.

“Haya, ruhusa yako,” Ustadhi alisema, akitia saini huku akijifuta machozi. “Ila kidole hicho usikilie fesikh.”

“Ustadhi, kwa fesikh ya bibi, nani atajua tofauti?”