Kioo cha Kushoto

Kwa mara ya nane mkamwana alikivuta kioo cha upande wa kulia cha mlango wa kuteleza wa sebuleni, na kwa mara ya nane king'ora kikalia nyumba nzima. Wifi yake akaziba masikio.

"Kinalia, sawa, tumesikia! Jana mbona hakikulia?"

Hilo ndilo lililokuwa likimnyima raha. Alikifunga kwa mikono yake mwenyewe, yeye aliyefanya ufundi wa ving'ora kwa miaka kumi na mmoja: kihisio kwenye fremu, sumaku yake kwenye kioo, vikiachana tu, kelele. Na bado jana baba mkwe, ambaye siku hizi kumbukumbu zinamtoroka, alipita mlango huohuo akaokotwa katikati ya barabara, magari yakimpigia honi, yeye akiyapungia mkono kama mgeni rasmi.

Wifi alikuwa keshanunua kufuli. "Kisipoeleweka leo, nafunga. Usinione mbaya, wifi. Ni baba yangu."

"Mwezi uliopita ulipomfungia alilia kutwa nzima. Umesahau?"

"Afadhali alie akiwa ndani," wifi akasema, akaenda zake jikoni.

Mkamwana akabadilisha betri ambayo haikuwa na kosa lolote. Akapima mwanya kati ya kihisio na sumaku, akaupunguza, akaurudisha palepale. Akapanda kiti, akashuka, akakumbuka bisibisi ameiacha juu, akapanda tena. Jasho lilimtoka, maana kufuli halibembelezeki.

Baba mkwe alikuwa kwenye kochi, miguu haitulii, akimtazama kwa huruma ya fundi kwa fundi. Naye enzi zake alishona suti, tena za kusifika.

Ndipo ikamjia kwamba tangu jana wote wamekihoji kihisio, na hakuna aliyemuuliza mzee. Akapiga goti kando ya kochi.

"Samahani, baba. Jana ulipitia wapi?"

Mzee akachungulia jikoni kwanza. Kisha akanyanyuka, akaenda moja kwa moja kwenye kioo cha kushoto, kile ambacho kila mtu humo ndani aliapa hakisogei, akabonyeza kitasa kidogo cha chini na kukisukuma. Kikateleza kwenye reli bila hata kukwaruza. Upepo ukaingia.

"Huku hakupigi kelele," akanong'ona, akicheka.

Mkamwana naye akacheka, aibu na furaha vikimjaa kwa pamoja. Miaka kumi na mmoja ya ufundi, halafu anapigwa chenga na mshona suti!

Baada ya nusu saa kihisio cha pili kilikuwa kimekaa kwenye kioo cha kushoto. Mzee mwenyewe alimshikia sumaku na kumpa alipoiomba. Wifi akaja kukagua, akaridhika, akalitia kufuli kwenye droo na kumkumbatia wifi yake. Mkamwana akashusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu jana.

Hazikupita dakika kumi. Mzee akavaa koti lake, akangoja wifi arudi jikoni, akamkonyeza mkamwana, akakivuta kioo cha kushoto.

Nyumba nzima ikapiga kelele. Wifi akaja mbio, mwiko mkononi. Mzee alikuwa amesimama mguu mmoja ndani, mmoja nje, na hakumwangalia binti yake wala king'ora. Alimwangalia mkamwana.

"Mwanangu," akasema, "nilikuonyesha wewe tu."