Kiti cha Nne cha Ndege ya Padre

Kila asubuhi kabla ya chai, Ireri aliizunguka ile ndege akiipangusa machipukizi. Aliyasugua kwa kidole gumba yakiwa bado mororo, moja mkiani, mawili matatu ubavuni, kama watu wa Kiambere wafanyavyo kwa miche ya mukau ili shina linyooke. Ukichelewa siku moja tu, chipukizi hilo ni tawi. Akimaliza, alinawa utomvu mikononi na kuingia jikoni.

Ndege yenyewe ilikuwa ya Kifaransa, ndogo, ya matembezi, ya mbao na kitambaa. Padre aliyeileta alikuwa akipeleka wagonjwa Embu, mmoja mmoja, maana ilikuwa na viti viwili na kimoja kilikuwa chake. Padre alipofariki, misheni ilimwachia Ireri, seremala wao, aitunze. Ng'ombe wakavunja bawa. Ireri akalitengeneza kwa ubao wa mukau uliokatwa wiki hiyo hiyo, haujakauka, na hapo ndipo alipokosea. Mti ule haukubali kufa upesi. Mwezi wa tatu, ndege ikaanza kukua.

Haikukua ovyo. Ilifuata kitabu chake cha kiwandani alichokiacha padre, ukurasa kwa ukurasa, vile ndugu zake walivyotoka kiwandani mwaka baada ya mwaka. Kwanza injini ikapata nguvu zaidi, kisha mabawa yakarefuka hatua moja, kisha kikaota kiti cha tatu, mikanda na yote. Majirani walikuja wakatazama, wakasema afadhali imekua yenyewe kuliko kungoja serikali, wakarudi kupalilia ndengu.

Ireri alikuwa na haja nayo. Binti yake Wawira alikuwa na mimba ya miezi sita, na daktari wa Embu alimwambia wazi kwamba hatajifungua salama ila kwa kupasuliwa. Mtoto wa kwanza alimpoteza kando ya mto uliofurika, juu ya pikipiki, akingoja maji yapungue. Mto huo hadi leo hauna daraja, ingawa umeme wa bwawa la Kiambere unapita juu yake kwenda Nairobi. Rubani alikuwapo: Mutuma wa Laare, aliyewahi kusafirisha miraa kwa ndege, alikubali kulala stoo ya misheni hadi siku ya uchungu. Kilichokosekana ni kibali.

Mkaguzi wa ndege wa serikali, Bi. Karwirwa, alikuja na kibali cha viti viwili. Akahesabu, akafunga faili.

"Hii ni ya viti mbili, mzee. Yako iko na tatu."

"Imeongezeka, madam."

"Naona. Sasa itabidi tuanze upya. Miezi tatu hivi."

Hakuwa mtu mbaya. Alikunywa chai na kumsifu Wawira kwa chapati zake. Ukurasa uliofuata kitabuni ulikuwa wa viti vinne, kwa hiyo tangu siku hiyo Ireri akaanza kupangusa machipukizi, ili ndege ingoje karatasi.

Ilingoja miezi mitatu kasoro siku moja. Uchungu ulimshika Wawira alfajiri, mvua ikiwa imenyesha siku nne na mto umejaa. Ireri alikaa naye akimkanda mgongo. Saa tano mkaguzi akafika kutoka gesti ya bwawani, ambako mvua ilimfungia, akiwa na kibali mkononi. Akaizunguka ndege.

"Mzee, hapa imeandikwa tatu. Nahesabu nne."

"Hiyo imeota leo. Nilikuwa na mtoto ndani, anaumwa."

"Pole sana. Lakini siwezi weka sahihi kwa kitu haiko kwa karatasi."

Ireri akachukua msumeno, akakikata kiti. Hata hajaweka msumeno chini, kilikuwa kimerudi, kipana kuliko kwanza. Mutuma alisimama kando, funguo mkononi.

"Mimi ningeruka, mzee. Lakini wakininyang'anya leseni, watoto wangu watakula nini?"

Ireri alimchukia, akamchukia na mkaguzi, na zaidi ya wote akajichukia mwenyewe kwa asubuhi ile moja.

"Baba, ndege imekubaliwa?" Wawira aliuliza kutoka ndani.

"Bado kidogo."

Alifariki saa tisa, na mtoto tumboni. Mkaguzi alilia kwa uchungu wa kweli, kisha akajaza fomu ya viti vinne.

Kibali hicho kilifika baada ya matanga. Ndege ilikuwa imemaliza kitabu chake na kutulia, na mara hii kila kitu kililingana. Mstari wa mwisho ulisema kwamba, kwa kuwa ni ndege ya matembezi, ni marufuku kubeba wagonjwa. Ireri aliusoma mara mbili, akatia sahihi alipoonyeshwa.

Siku hizi Mutuma huwarusha wageni kila Jumamosi, watatu watatu, wakatazame bwawa. Mwezi wa kumi na moja mto ulifurika tena, na Ireri alikuwa ukingoni akimshikia mwavuli Wanjira, mke wa jirani yake Njoka, aliyekuwa juu ya pikipiki, uchungu umemshika tangu jana. Ndege ikapita chini chini juu yao. Wageni wakapunga mikono. Wanjira hakuweza, alikuwa amemshika dereva kwa mikono yote miwili. Ireri aliona si adabu kuwaacha wageni hivyo, akahamishia mwavuli mkono wa kushoto, akapunga.