Kiingereza cha Watu Wawili

Mzee Mkasi alikuwa mkataji, Mama Pindo mshonaji. Kazi ya duka lao iligawanyika hivyo tangu walipooana, na mteja akithubutu kumwomba mzee amshonee kifungo kimoja tu, aliambiwa, "Vifungo viko kwa mwenyewe," huku akionyeshwa chumba cha nyuma ambako cherehani ilikuwa ikinguruma. Mama naye hakuwahi kugusa mkasi wa mumewe. Uzi aliukata kwa meno. Watu wa mtaa waliwacheka, lakini suti zilizotoka pale zilikaa mwilini, na mtu aliyependeza hana haja ya kucheka sana.

Kwa hiyo walipoamua kujifunza Kiingereza uzeeni, hawakujadiliana. Walikigawana.

Sababu ilikuwa mjukuu. Mtoto wao wa pekee alikuwa amefariki ng'ambo mwaka uliopita, akaacha mke wa huko huko na binti mdogo. Mtoto huyo hakuwa na Kiswahili hata cha kuombea maji, ila maneno mawili tu, babu na bibi. Sasa mkwe alikuwa ameleta habari kwamba atamleta awaone, wiki moja, kisha warudi kwao. Na Mzee Mkasi alikuwa na neno la kumwambia.

Neno lenyewe Mama Pindo alilijua kabla hajaambiwa. Kijana wao alipokataa kurithi mkasi akaenda zake kusoma, baba mtu alisusa. Hakwenda hata kumsindikiza. Simu ikiita, alimsukumia mkewe: "Mwambie namsalimu." Simu ikikatika, ndiyo kwanza anauliza, "Amesema anakuja lini?" Ukaidi wa wanaume, jamani! Alikuwa akimngoja mwanawe miaka yote ile, macho mlangoni, na bado anataka kijana ndiye aanze. Mwisho kijana akafariki, mzee akabaki na neno lake mdomoni.

"Nataka mtoto ajue nilimngoja baba yake," alimwambia mkewe.

"Si tumwombe Mwalimu akutafsirie?"

"Hili silipitishi kwa mtu wa tatu, mama. Salamu nilizopitisha zinatosha."

Mwalimu alikuwa binti wa mdogo wake Mama Pindo, anafundisha shule ya msingi. Alikuja jioni baada ya kazi, akachukua chaki ya fundi, akaandika juu ya meza ya kukatia: I waited for him.

"Ndiyo nini hiyo?" mzee akauliza.

"Nilimngoja, baba mkubwa."

"Nilimngoja ni neno moja. Mimi hapo naona manne."

"Ndivyo walivyo wenzetu. Sisi tumeshashona, wao wameacha vipande."

Mzee Mkasi aliinama, akavitazama vipande vile kwa jicho la kazi. Kisha akachukua chaki, akapiga mstari katikati ya sentensi. "Mpaka hapa ni changu," akasema, akigonga waited. "Kuanzia hapa ni chako, mama."

Mwalimu alishika kichwa. Alieleza, akasihi, akakasirika kidogo kwa adabu. Haikusaidia kitu. Mzee alijitwalia matendo yote yaliyokwisha kutendwa: waited, looked, laughed, talked. Mama akachukua yanayofuata: for him, at her, with us, about you. Tangu siku hiyo mzee alikuwa akipaza sauti mezani pake, "I looked!" na mama akiitikia kutoka nyuma bila kusimamisha cherehani, "At him!"

"I laughed!"

"At him!"

"Hapo umemcheka mtoto wa watu, Mama Mkubwa," Mwalimu alisema. "Ulitaka kucheka naye."

"With him, basi! Asikasirike."

Wateja walidhani wazee wameanzisha kwaya. Mama Pindo hakujali. Tangu msiba nyumba ile ilikuwa imepoa, watu wawili wanakula wakitazama sahani. Sasa mumewe alikuwa akimwita na yeye akiitika kutwa nzima, na alijikuta akitabasamu peke yake juu ya pindo za suruali. Alimpenda mzee wake, na alikuwa amesahau kidogo jinsi ilivyo raha.

Wageni wakafika. Mtoto alikuwa mwembamba, mkimya, na paji la uso la baba yake, lile lile. Kuliona tu, mzee akapoteza ulimi. Badala ya kusema akachukua futi, akampima gauni. Kila asubuhi mkewe alimkonyeza, na kila asubuhi alijibu, "Kesho." Gauni likakatwa, likashonwa, likapigwa pasi, neno bado.

Mchana wa mwisho, mkwe alikuwa ndani akifunga mizigo. Mtoto amekaa juu ya meza ya kukatia na gauni lake jipya, anapunga miguu. Mama Pindo akasimama kando ya mumewe.

"Mzee, kesho zako zimekwisha."

Mzee Mkasi aliweka mkasi chini. "Your father," alianza, vizuri kabisa. "I..." Akalitazama lile paji la uso, na machozi yakamshinda. Alilia pale pale, mbele ya mtoto, mkono usoni.

Mama Pindo alikuwa tayari na kipande chake, lakini hakukuwa na cha kukiunganisha. Kile cha mbele alikuwa amekisikia kila siku, ila kilikuwa cha mzee, na sasa kwa fadhaa kilikuwa kimemtoka kabisa. Akasema alichokuwa nacho.

"For him," akasema, akimwonyesha mumewe.

Mtoto hakuelewa. Basi Mama Pindo, na magoti yake mabovu ya uzee, akaenda mlangoni. Akaweka kiganja juu ya macho, akachungulia barabara. Akarudi, akatazama saa ya ukutani, akatikisa kichwa. Akaenda tena mlangoni.

"For him," akarudia.

Mtoto aliacha kupunga miguu. Alimtazama bibi yake, kisha yule mzee anayelia. "Babu waited?" akauliza polepole.

"Waited!" mzee akaruka, kama aliyerudishiwa mali yake. "Waited! I waited!"

"For him," Mama Pindo akamalizia, na neno likawa limefika.

Mtoto alishuka mezani. Alisimama mbele ya babu yake, akamshika mkono wa shati, akafikiri kidogo, kisha akasema kwa sauti ndogo, "He talked about you."

Mzee alidaka kilicho chake. "Talked! Alizungumza. Anasema baba yake alizungumza." Akamgeukia mkewe. "Alizungumza nini, mama? Kilichobaki ni chako."

Mama Pindo alimwekea mumewe mkono begani. "Habari zako, mzee," akasema. "Alikuwa akizungumza habari zako."

Mzee Mkasi alikaa kwenye kiti cha wateja.

"Mwambie arudie," akasema.

Mama Pindo hakujua Kiingereza cha kumwambia mtu arudie. Lakini mtoto alikuwa ameuona uso wa babu yake, akarudia.