Kibuyu Kilichooshwa

Mteja wa kwanza alirudisha bilauri ya ukwaju akisema ni kali mno, na wa pili akarudisha ya pesheni akisema ni sukari tupu. Silantoi aliwaomba radhi wote wawili kwa sauti ile ile, akamwaga juisi zao kwenye ndoo ya maganda, akaendelea kumenya embe. Ilikuwa Januari. Jua la Kaloleni lilikuwa linachoma mpaka lami inanata kwenye viatu, na kibanda chake karibu na uwanja wa mpira kilikuwa katika msimu wake wa neema. Watu walikuwa wanakufa kwa kiu. Lakini yeye mwenyewe alionja asisikie kitu. Parachichi lilikuwa ute, embe lilikuwa maji, na ndimu, ambayo zamani ilimfumbisha macho, ilipita ulimini bila hata salamu.

"Dada Silantoi, siku hizi unaonjea kisigino?" alimtania Sankale, muuza vocha wa kibanda cha jirani.

Alitabasamu, kwa sababu mtu akitaniwa hutabasamu.

Hali hiyo ilianza Novemba, walipomzika mama yake kule Oldonyo Sambu. Msibani hakudondosha chozi. Aligawa chai, alipokea wageni, alihesabu viti vya kanisa visipotee, na watu wakamsifu kwamba ana moyo wa chuma. Moyo wa chuma wapi! Alikuwa amekufa ganzi tu, kama mtu aliyetoka kung'olewa jino, anajigusa shavu na kungoja maumivu ambayo hayaji. Aliona aibu kwa hilo, lakini hata aibu yenyewe ilikuwa ya mbali.

Mchana huo kaka yake, Lengai, alimpigia simu.

"Dada, baba hali."

"Hali kabisa?"

"Uji kidogo asubuhi, basi. Anataka loshoro, na ya mke wangu ameisogeza pembeni. Mifupa ya mabega inaonekana kwenye shuka. Njoo umpikie wewe. Wewe ndiye uliyefundishwa."

Silantoi alitaka kumwambia kwamba ulimi wake hautofautishi maziwa na chokaa. Badala yake alisema, "Nakuja."

Kwao kiangazi kilikuwa ni loshoro. Majani yakikauka na vumbi likianza kuzunguka bomani, hakuna aliyetamani chakula cha moto. Mama alichemsha mahindi yaliyokobolewa mpaka yakalainika, akayaacha yapoe, kisha akayamiminia maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu kilichofukizwa kwa kijinga cha oloirien, mti ambao moshi wake ndio unaoyapa maziwa ladha yake. Yalitoka na chembe nyeusi za mkaa, baridi, mazito, yenye uchachu wa kukaza mataya. Watoto waligombea kukomba sufuria, na baba alijifanya kukasirika ili na yeye apate zamu.

Alimkuta mzee Lesian kwenye kigoda chake, kivulini mwa ukuta, akitazama zizi. Silantoi aliinamisha kichwa, na baba yake akakigusa kwa kiganja. Mkono ule ulikuwa mwepesi mno. Ulimtia hofu, kisha hofu nayo ikapita zake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja."

"Nimekuja kukupikia."

"Haya."

Mazungumzo yakaishia hapo. Kwa desturi yao jina la aliyefariki halitajwi ovyo, na katika boma lile desturi hiyo ilikuwa imeshikwa mpaka ikapitiliza. Walikuwa wameacha hata kusema "mama". Walizungumza kuhusu ng'ombe, mvua na ibada ya Jumapili, wakimzunguka marehemu kama watu wanaokwepa shimo njiani.

Jackline, mke wa Lengai, alimpokea jikoni. Alikuwa mtoto wa mjini, aliyekulia Unga Limited, mwenye moyo mweupe na machozi ya karibu. Msibani alilia mpaka sauti ikamkauka, na Silantoi alimwonea wivu.

"Vibuyu vyote viko safi, wifi," alisema. "Nilivishughulikia mwenyewe."

Silantoi alikitungua kile cha mama, chenye mkanda wa ngozi na shanga za buluu. Alipokichungulia aliona ndani pamepauka. Siku nyingine angeuliza. Siku hiyo aliona, akaendelea na kazi. Alichoma ncha ya fimbo ya oloirien mpaka ikawa kaa, akaiingiza ndani, akasugua na kuzungusha, akafunika mdomo wa kibuyu ili moshi usitoroke. Mikono ilikumbuka yote. Akakung'uta majivu, akamimina maziwa, akafunga.

Kazi ilikuwa kujua yameiva lini. Mama alijua kwa kuonja. Silantoi alionja kila asubuhi, akapata ubaridi na uzito, basi. Alimpa Jackline aonje.

"Mimi sijui, wifi. Ya huku kwenu nakula tu."

Hapo ndipo alipoogopa kweli. Kama baba angeisogeza pembeni na hii, hakukuwa na mtu mwingine wa kuitwa, na kabla mvua za masika hazijaanza wangekuwa wamechimba kaburi la pili kando ya la kwanza. Mwishowe alikitikisa kibuyu sikioni, akayasikia maziwa yakianguka kwa kishindo kizito, kama alivyoyasikia utotoni akiwa mgongoni kwa mama. Akaamua kuuamini mlio huo.

Jumapili, baada ya ibada, waliketi wote wanne. Jackline akaombea chakula. Mzee Lesian akachota kijiko cha kwanza, akakiingiza kinywani, akafumba macho. Silantoi alitazama koo la baba yake. Halikumeza.

Kisha likameza.

"Nani ameosha kibuyu hiki kwa sabuni?"

Kijiko cha Jackline kilibaki hewani. "Mimi, baba," alisema. "Vilikuwa vyeusi ndani. Nilivisugua kwa sabuni ya unga, nikaviloweka usiku kucha. Nilitaka viwe safi, kwa heshima yake."

Silantoi alichota haraka, kama mtu anayetaka kuhakikisha habari mbaya. Kwanza ukaja moshi, kwa mbali. Kisha uchachu, ukamkaza mataya. Halafu ikaja sabuni, chungu, yenye marashi ya maua yasiyomea popote, ikamjaa kinywa kizima mpaka puani.

"Sabuni," alisema. "Jamani, ni sabuni kweli!"

Akacheka. Alicheka mpaka mahindi yakamtoka, na katikati kicheko kikakatika, kikageuka kilio, kilio kile cha Novemba, kikubwa, kisicho na adabu mezani. Alilia akiwa ameshika kijiko. Hakuna aliyemnyamazisha. Jackline naye alilia, kama kawaida yake, na Lengai akajifanya anatazama mbuzi nje.

"Nasieku angekufukuza jikoni kwake," mzee alimwambia Jackline.

Lengai aligeuka kwa mshtuko. Jina la mama lilikuwa limetajwa, wazi, mchana kweupe. Mzee hakuonekana kujuta.

"Angekufukuza na mwiko mkononi," aliendelea. "Halafu angekuita uje ule."

Akachota kijiko cha pili, akakunja uso, akameza. Akachota cha tatu.

"Baba, acha, utaumwa tumbo," Lengai alisema.

"Mmeniharibia chakula, sasa mnataka kuninyima?"

Alikula polepole, huku akinung'unika, mpaka chini ya bakuli pakaonekana. Kisha akaagiza aletewe kibuyu na fimbo ya oloirien. Walitazamana. Kufukiza vibuyu ni kazi ya wanawake, na katika maisha yake yote mzee Lesian hakuwahi kuigusa. Alikigeuza kibuyu mikononi, akapapasa shanga za buluu kwa kidole gumba.

"Alikuwa anaanzia wapi?" aliuliza.

Silantoi alijifuta uso kwa kanga, akasogea akaketi chini karibu na kigoda chake. Jackline alikuwa amemletea kikombe cha maji asukutue kinywa, aondoe uchungu ule. Silantoi alikipokea, akashukuru, akakiweka chini bila kunywa.