Sahani za Wakubwa wa Kasereka

Siku ya Jumatano, saa kumi na moja na nusu jioni, Ngalula aliweka sahani ya bati barazani, ndani yake fufu na visamaki vikavu saba, ndakala, akarudi nyuma hatua mbili. Mbwa alinusa chakula, akaketi, akageuza kichwa kutazama upande wake wa kushoto, mahali pasipokuwa na kitu. Ilikuwa siku ya nne. Mbavu zake zilianza kuhesabika.

Ngalula alikuwa karani wa kuandika watoto wanaozaliwa, katika ofisi moja ya état civil mjini Butembo. Kwao ni Kananga. Serikali ilimtuma huku miaka miwili iliyopita, naye akaja na barua ya uteuzi na godoro. Nyumba aliyopanga ilikuwa na vyumba viwili na viti viwili. Kimoja hakijawahi kukaliwa. Kaka yake alimpigia simu kila baada ya Jumapili mbili, mtandao ukiruhusu. Mtaani hapakuwa na mtu mwingine aliyesema Kiluba, kwa hiyo alikisema na mbwa. Akisema "luaku", mbwa alikuja.

Alimpata mbwa huyo katika kijiji cha Mbau mwezi wa nne, akirudi kutoka misheni ya kazi mjini Oicha. Gari lilisimama ili dereva anunue ndizi, na mama mwenye ndizi akampitishia mtoto wa mbwa dirishani. Alisema wakubwa zake wawili wa tumbo moja hawapo tena. Kisha gari likaondoka. Kwa majuma kadhaa Ngalula alimwita "weye". Jumapili iliyopita alimpa jina: Kasereka. Alilichagua kwa sababu mwaka huo alikuwa ameliandika daftarini mara tisa na mkono wake umelizoea. Alidhani ni jina kama majina mengine. Tangu siku hiyo mbwa hakula.

Jirani yake, Mama Jokébed, mjane na mzee wa kanisa, alikuwa akianua nguo upande wa pili wa ua.

"Anagonjwa?"

"Hapana kula, Mama. Siku ya ine sasa."

"Unamuitaka nani?"

"Kasereka."

Mama Jokébed aliweka beseni chini. "Kasereka ni mutoto mwanaume wa tatu. Wa kwanza ni Mumbere, wa pili ni Kambale. Bakubwa yake beko wapi?"

"Mama, ni imbwa."

"Ni imbwa, lakini ulimupa jina. Wa tatu hawezi kula kama bakubwa habayakula. Utamuua na adabu, Madame." Alichukua beseni lake tena. "Bahati haukumuita Mbusa. Mbusa ni wa sita. Ungelomba sufuria ya kanisa."

Ngalula aliingia jikoni, akatoka na sahani mbili zaidi, akaziweka upande wa kushoto wa mbwa na kugawanya chakula mara tatu. Fufu katika sahani ya mwisho kushoto ilianza kupungua, tonge kwa tonge, kisha ile ya katikati. Ndakala walitoweka wakiwa wazima, vichwa kwanza. Sahani zote mbili ziliposukumwa kidogo kwenye saruji, kama zinavyosukumwa na ulimi, Kasereka aliinama akala. Ngalula aliosha sahani tatu.

Mvua zilikuwa hazijaisha, na udongo wa uani ulishika alama. Kambale alikuwa na nyayo pana. Mumbere alikanyaga kwa miguu mitatu. Wa nne, wa nyuma kulia, uligusa chini mara chache tu. Ngalula alimpunguzia mwendo: wakienda wote hadi barabara ya lami asubuhi, alisimama kwenye mteremko mpaka asikie pumzi upande wake wa kushoto. Madereva wa pikipiki walimkwepa kwa mbali, wakiacha nafasi ya mbwa watatu.

Viroboto walipokuja, aliwaosha kwa sabuni ya kipande. Alianza na Kasereka, aliyelalamika, kisha Kambale, aliyelalamika zaidi. Povu lilisimama hewani likionyesha mgongo, masikio mawili, na mkia ulioonekana kwa sekunde chache kabla ya kurusha maji yote ukutani. Juu ya nyonga ya Mumbere povu liliacha mstari usio na manyoya, mrefu kama kidole. Ngalula aliosha mahali hapo polepole. Jioni hiyo mto wa kiti cha pili ulibonyea katikati, ukabaki hivyo hadi asubuhi. Kaka yake alipopiga simu na kumuuliza kama bado anakaa peke yake, alifikiri kidogo kabla ya kujibu.

Mwezi wa sita wizara ya kilimo ilimtuma Valentin kuchanja mbwa wa mtaa dhidi ya kichaa. Alikuja na sanduku la barafu na kitabu cha kadi.

"Wangapi hapa?"

"Watatu," alisema Ngalula. "Wawili hawaonekani."

"Wanauma?"

"Kambale, kidogo."

"Basi mumushike yeye wa kwanza."

Ngalula alipiga magoti akamkumbatia Kambale. Valentin alipapasa hadi akapata ngozi ya shingo, akachoma. Sindano ilisimama hewani, dawa ikashuka ndani ya bomba hadi ikaisha. Alifanya hivyo kwa Mumbere, ambaye hakutikisika, kisha kwa Kasereka. Halafu aliketi kwenye ngazi na kujaza kadi tatu: jina, umri, jinsia. Penye rangi ya manyoya aliandika, katika kadi mbili, "haionekani". Alipiga muhuri mara tatu.

"Muzitunze muzuri," alisema. "Mbwa bila kadi, kwetu hayuko."

Léa aliingia ofisini Jumanne iliyofuata, saa tatu asubuhi, mtoto mgongoni, karatasi ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa muuza maharage, mmoja wa watu waliokimbia mauaji ya upande wa Mbau. Ngalula alimkumbuka kidogo. Mwandiko kwenye karatasi aliutambua mara moja, kwa kuwa ulikuwa wake.

"Madame, munisamehe. Kuko kosa hapa."

Ilikuwa acte, cheti cha kuzaliwa, na jina la mtoto lilikuwa Kasereka. Kwenye mstari wa nafasi ya kuzaliwa, palipoandikwa *rang*, kulikuwa na tarakimu moja: 1.

"Kasereka ni wa tatu," alisema Ngalula.

"Njo ile. Wa tatu."

"Mwezi wa tatu sikukuwa najua."

"Muliniuliza kama niko na batoto bengine benye acte. Nikasema hapana. Mukaandika. Mumbere na Kambale balibauaka ku shamba, siku moja na baba yao. Habakukuwa na acte. Balizaliwaka kule kule, na shamba haina bureau."

Ngalula aliuliza kama mtoto amekataliwa mahali fulani kwa sababu ya karatasi hiyo.

"Hapana, Madame. Bado mudogo." Léa alimsogeza mtoto mgongoni. "Miye nawekaka sahani tatu. Bale bawili balikuwa banakula, kila siku, toka balikufa. Siku nilirudi na iyi karatasi, nikaiweka pa meza, habakukula tena. Mpaka leo sahani mbili zinabakia vile nilizijaza. Ni mezi tatu sasa. Batoto habawezi kukaa mezi tatu na njaa."

Ngalula aliisoma tena ile tarakimu. Mambo ya sahani alikuwa anayajua.

"Munipe tu tatu," alisema Léa. "Mukiandika tatu, batarudia."

Karani hakuruhusiwa kugusa karatasi iliyokwisha kupigwa muhuri. Ngalula aliichukua pamoja na mkoba wake, akapanda ngazi hadi kwa mkuu wa ofisi, Xavier, aliyetumwa kutoka Kinshasa. Xavier alisoma karatasi pande zote mbili.

"Rang inafuata acte, Madame Ngalula. Acte ya kuzaliwa ya bale bawili iko wapi?"

"Haiko, Chef."

"Na acte de décès, ya kufa?"

"Haitoke bila ile ya kuzaliwa."

"Donc habakuzaliwa, na habakufa. Aende tribunal, kwa bahakimu, aombe jugement."

"Tribunal itamwomba acte."

"Voilà."

"Acte tunatoaka siye."

"Siye tunatoa kwa benye kutangazwa mbele ya siku makumi kenda kuisha. Mais Madame, hii sheria hapana miye nilitunga."

Ngalula alifungua mkoba, akatoa kadi tatu, akazipanga mezani. "Chef, bakubwa ya imbwa yangu habaonekane. Beko na kadi."

Xavier aliinua kadi ya Mumbere kwenye mwanga wa dirisha. Aliukagua muhuri, kisha sahihi, kisha neno "haionekani", akatikisa kichwa kukubali.

"Muhuri ni ya kweli. Lakini hii ni Agriculture. Bale banahesabu vichwa. Siye tunahesabu karatasi." Alimrudishia kadi kwa mikono miwili, kwa heshima. "Munafanya vizuri, Madame. Imbwa zenu ziko en ordre."

Léa alikuwa bado kwenye benchi. Mtoto alikuwa amelala. Alimtazama Ngalula akishuka ngazi, na huyo alipofika ngazi ya mwisho Léa alikuwa amekwisha kufungua mfuko wa plastiki ili karatasi irudi ndani.

"Hapana?"

"Hapana."

Léa alifunga mfuko kwa fundo. Ngalula alibaki amesimama mbele yake.

"Balipendaka nini?" aliuliza.

"Mumbere, maharage na chumvi mingi. Kambale hakupendaka kitunguu. Alikuwa anakitoa na kidole, kipande kimoja kimoja, anapanga pembeni ya sahani." Alisimama, akakaza kitenge. "Nilimupigaka juu ya ile."

Jioni Ngalula alichemsha maharage bila kitunguu, chumvi ikazidi. Aliweka sahani tano barazani: tatu kushoto kama kawaida, mbili kulia. Mumbere alikula, kisha Kambale, kisha Kasereka. Baadaye mvua nyepesi ilileta udongo kwenye saruji, na asubuhi alama zilisomeka vizuri. Mbwa wote watatu walikuwa wamezizunguka zile sahani mbili, wamesimama, wakaondoka. Hakuna aliyezigusa. Maharage yalikuwa yameshika ngozi juu. Alihesabu, ingawa haikuwa lazima. Haikupungua hata punje.

Saa mbili na nusu alikuwa mezani kwake. Mtu wa kwanza alikuwa mwanamume aliyebeba mtoto wa majuma matatu ndani ya koti. Mtoto aliitwa Kambale.

"Muko na batoto bengine benye acte?" aliuliza Ngalula.

Mwanamume alimfunika mtoto vizuri kwa koti. "Benye acte, hapana."

Ngalula alishika kalamu. Kwenye mstari wa nafasi ya kuzaliwa aliandika 1, akapuliza wino.

Wenzake walipokwenda kula, yeye alibaki akafungua daftari tangu Januari, akafuata safu moja tu kwa rula. Kasereka wanne waliandikwa 1. Kambale watano, pamoja na wa asubuhi ile. Kakule wawili, na Kakule ni wa nne. Alifanya hesabu pembeni ya gazeti kuukuu: wanane, na watano, na sita. Wakubwa kumi na tisa wasio na karatasi. Alifunga daftari na kulirudisha mahali pake, kwa sababu zamu ya mchana ilikuwa inaanza.

Jumamosi alikwenda uani na kumwita jirani yake.

"Mama Jokébed, naomba sufuria ya kanisa."

Mama Jokébed alisogea karibu. Alipangusa mikono kwenye kitenge. "Sahani ngapi?"

"Makumi mbili na mbili."

"Hautakuwa nazo."

"Niko nazo tano. Zingine nitalomba."

Walipika maharage pamoja, Mama Jokébed akichochea na kuonja. Mara mbili alianza kukata kitunguu kwa mazoea, na mara mbili Ngalula alikitoa mkononi mwake. Saa kumi na moja na nusu sahani ishirini na mbili zilikuwa zimepangwa, kutoka barazani hadi kwenye lango. Kisha Ngalula aliketi kwenye kiti chake, kando ya kile cha pili, akasema "luaku", akangoja.

Tatu zililiwa, zile za mbwa.