Karatasi Nambari 031

Saa mbili asubuhi saiba ya Derrick, duka lake la kompyuta pale Kianda, ilikuwa imeshajaa, na Wekulo alikuwa amesimama nyuma ya kiti kama mtu aliyeitwa ofisini kwa kosa asilolijua. Mikono ameitia mfukoni. Ilikuwa na rangi nyeusi ya masanduku, ile isiyotoka hata kwa mafuta ya taa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni. Kwa miaka kumi na moja alikuwa amewatengenezea watoto wa watu, na wa kwake mwenyewe bado.

Binti yake Valary alikuwa amekwenda kupigwa picha ya pasipoti kibanda cha jirani.

"Assessment number ya mtoto, ile yake ya mtihani?" Derrick aliuliza bila kugeuka.

Wekulo alimpa kipande cha karatasi alichoandikiwa na Valary. Derrick aliandika upesi, vidole vikirukaruka, kisha akaacha ghafla.

"Pathway?"

"Ndiyo nini hiyo?"

"Mkondo. Akifika gredi ya kumi atasomea nini."

"Lakini huyu ako gredi ya nane."

"Najua, mzee. Hawa wa shule za private hupanga mapema. Ziko tatu hapa, chagua moja. Arts and Sports Science, Social Sciences, na STEM."

Wekulo alitoa simu akampigia Mwalimu Aketch, mwalimu wa darasa la Valary. Ndiye aliyemwambia kwamba shule moja huko Kawangware 46 inachukua watoto watano wa kufadhiliwa, chakula na vitabu ndani, na kwamba intavyuu ni ya gredi ya nane tu. Akingoja mtihani wa gredi ya tisa, nafasi zitakuwa zimekwisha. Simu ya mwalimu haikupatikana. Nyuma yake mama mmoja mwenye bahasha ya kitambulisho alikohoa, na mwingine akakohoa pia.

"Fomu haiendi bila hiyo," Derrick alisema. "Weka tu yoyote, mtabadilisha mkifika."

Wekulo aliyarudia yale majina kichwani. La tatu lilisikika kwake kama stima, naye hakutaka binti yake apande milingoti ya umeme. La pili hakulishika. Lakini la kwanza lilikuwa na neno analolijua.

"Hiyo ya kwanza imesema sayansi?"

"Imesema."

"Basi weka hiyo."

Valary aliporudi na picha zake nne, fomu ilikuwa imeshachapishwa na kuingizwa ndani ya bahasha.

"Uliandika nini kwa pathway, baba?"

"Sayansi."

"Sawa," alisema Valary, na wakaondoka.

Walikwenda kwa miguu hadi Dagoretti Corner, na kutoka hapo wakashika Naivasha Road. Valary alikuwa amevaa sare iliyopigwa pasi, na viatu vya shule vilivyokuwa vimeanza kumbana. Njiani alikuwa akijitajia kanuni za hesabu kwa sauti ya chini, eneo la duara, mzingo wa duara, na Wekulo akawa anasikiliza kama mtu anayesikiliza kwaya. Yeye aliachia shule darasa la saba. Lakini duara alilijua kwa mkono, maana alikuwa akikata vifuniko vya ndoo kabla hajaingia kwenye masanduku, na mara nyingine jioni Valary alimweleza kwa nini bati lile lilibaki kiasi kile. Katika nyumba yao mambo hayo ndiyo yaliyokuwa furaha.

Shule ya Wamuyu ilikuwa jengo la ghorofa nne lililosimama mahali palipokuwa na nyumba za kupangisha. Mwenye ploti, mzee Kagiri, alizibomoa akajenga shule na kuipa jina la mama yake. Uwanja haikuwa nao. Kulikuwa na ua wa simiti, mabasi mawili ya manjano, na hema la wazazi.

Getini alikaa karani mmoja, msichana mtaratibu aliyevaa beji iliyoandikwa Angeline. Aliisoma fomu, akagusa kioo cha tableti yake, kisha akamfunga Valary utepe wa rangi ya machungwa mkononi.

"Atafuata wenzake wa utepe kama huo. Mzazi, wewe ingia kwa tenti."

Wekulo aliufurahia utepe ule. Alidhani ni wa heshima.

Hemani, mwalimu wa usajili aliyejitambulisha kama Mwalimu Simeon alikuwa akizungumza kwa kipaza sauti. Alikuwa mtu mpole, mwenye tabasamu. Alisema shule yao inamweka mtoto katikati. Alisema vipaji, akasema mikondo, akasema safari. Kila Wekulo alipodhani ameshika jambo, neno jingine la Kizungu lilikuja likamsukuma. Wazazi wengine waliitikia kwa vichwa, naye akaitikia.

"Mama," hatimaye alimnong'oneza mwanamke aliyekaa karibu naye, "hii stima wanasema ni ya nini?"

Mwanamke hakumcheka. "Si stima. Ni STEM. Ni sayansi, hesabu, kompyuta, hayo mambo magumu. Wangu ako huko, walifungwa utepe wa bluu, na mtihani wao wa hesabu uko huko juu darasani. Wako?"

"Wa machungwa."

"Ah, huo ni wa michezo na muziki."

Wekulo aligeuka polepole. Kati ya yale mabasi mawili watoto wanane walikuwa wamepangwa mstari, na kijana mwenye firimbi amesimama mbele yao. Firimbi ilipolia wakakimbia. Valary alikuwa wa mwisho. Alikimbia kwa viatu vya shule, mkono mmoja ameshikilia sketi, na alipofika mwisho aligeuka kuangalia hemani. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kujua kama alichofanya ndicho.

Wekulo alitoka. Valary alimjia akihema.

"Baba, mtihani ni baadaye? Huyu mwalimu ameniuliza talanta yangu, nikasema hesabu. Wakacheka. Akaandika hakuna."

Angeweza kumtupia Derrick lawama, na lawama nyingine shule. Lakini mtoto alikuwa akimtazama usoni.

"Ni mimi niliiweka," alisema. "Nilisikia sayansi. Sikuelewa, na nikaona haya kuuliza."

Valary aliuangalia ule utepe.

"Ngoja hapa. Nitaongea nao."

Angeline alimsikiliza, akatazama kioo chake, akasema chaguo likishaingia kwenye sistimu yeye hana uwezo wa kulitoa. Mwenye uwezo ni Mwalimu Simeon. Mwalimu Simeon alikuwa akitoka hemani, na alimpokea vizuri, akamshika hata bega.

"Mzee, nakuelewa kabisa. Lakini sisi hapa hatumlazimishi mtoto njia. Binti yako mwenyewe ndiye aliyechagua."

"Alichagua lini?"

Simeon alimwomba Angeline ile tableti. "Hapa. Leo, saa mbili na dakika kumi na mbili."

"Saa hiyo alikuwa anapigwa picha."

"Sistimu inasema alichagua."

"Basi abadilishe. Si mtihani wa hesabu ndio umeanza huko juu? Na nimeona kwa dirisha kuna viti vitupu."

"Viti vitupu vipo, ndiyo, lakini vina wenyewe. Kila kiti kina nambari na jina. Kubadilisha mkondo ni kwa portal, ile tovuti ya usajili, na portal ilifungwa jana."

"Jana? Na sisi tumejaza leo, ikakubali."

Simeon alifikiri kidogo. "Kujaza iko wazi. Kubadilisha ndiyo imefungwa."

Wekulo alisimama pale akitafuta mahali pa kuanzia. Bati lilikuwa na pembe. Ukipima vibaya unaona mwenyewe umekosea wapi, unakata upya. Haya maneno hayakuwa na pembe. Kila aliloliuliza lilijibiwa, na kila jibu lilikuwa na adabu, na bado hakuwa amesogea hata hatua moja.

"Mwakani je?"

"Mwakani atakuwa gredi ya tisa. Hatufanyii intavyuu gredi ya tisa. Sisi ni shule ya kupanga mapema, mzee."

Alipogeuka kumtafuta Valary, hakumwona. Kijana wa firimbi alikuwa na watoto saba. Utepe wa machungwa ulikuwa chini, kando ya gurudumu la basi.

Ilikuwa hivi, kama Valary alivyomsimulia baba yake baadaye. Alipanda ngazi. Mlango wa darasa ulikuwa wazi, na msimamizi, mwalimu kijana aliyeitwa Celine, alimtazama sare yake na jasho lake akamuuliza kama amechelewa. Alisema amechelewa. Mwalimu Celine akamwonyesha kiti kilichokuwa tupu karibu na ukuta. Karatasi ya majibu ilikuwa tayari juu ya meza, imechapishwa nambari 031 na jina la mtoto ambaye hakuja, Maggie Mbula. Valary alilikata jina hilo kwa mstari mmoja safi, akaandika lake juu yake, akaanza. Dakika ishirini zilikuwa zimeshapita. Maswali yalikuwa hamsini.

Wekulo alimwona kupitia dirisha la ghorofa ya kwanza, kichwa kimeinama. Hakumwambia mtu. Alikwenda akasimama kivulini mwa basi, na kwa saa nzima hakukaa chini.

Walipotoka, Valary alikuwa na wino kidoleni na uso tofauti.

"Ilikuwa ngumu?"

"Mbili tu zilinisumbua. Ya mwisho ilikuwa ya tangi, ya mviringo. Kama ile ndoo yako."

Matokeo yalikuwa siku hiyo hiyo, maana majibu yalisomwa na mashine. Saa nane na nusu Angeline alitoka na karatasi mbili, akazibandika kwenye ubao karibu na geti, na wazazi wakabanana. Wekulo alimtanguliza Valary. Valary alisoma kimya, kisha akarudi nyuma hatua moja ili baba yake naye aone.

Orodha ya kwanza ilikuwa ya utepe wa bluu. Juu kabisa palikuwa pameandikwa: 031, Maggie Mbula, 47/50. Mstari mzito ulikuwa umechorwa chini ya jina la tano. Waliokuwa juu ya mstari ndio waliofadhiliwa.

Orodha ya pili ilikuwa ya utepe wa machungwa. Valary Wekulo alikuwa wa mwisho. Mbele ya jina lake paliandikwa kwamba hakuonyesha kipaji.

Wekulo alizisoma mara mbili. Alijua amesoma sawasawa, lakini mambo hayakuingiana. Binti yake alikuwa wa kwanza na wa mwisho, saa ile ile, ubaoni pale pale.

Alirudi kwa Angeline, safari hii na Valary mkononi. Alieleza taratibu, bila kupandisha sauti. Mwalimu Celine aliitwa. Alikiri kwamba ndiyo, msichana huyu ndiye aliyekaa kwenye kiti hicho, na karatasi ikatafutwa, ikapatikana, na jina la Valary likaonekana limeandikwa kwa mkono juu ya jina lililokatwa. Mwalimu Simeon aliishika ile karatasi muda mrefu. Kwa mara ya kwanza siku hiyo tabasamu lilipotea usoni mwake.

"Umefanya vizuri sana," alimwambia Valary, na ilionekana anasema kweli. Kisha akamgeukia Wekulo. "Lakini mashine haisomi jina, mzee. Inasoma nambari. Nambari ni ya Maggie."

"Na Maggie hakuja."

"Hakuja."

"Na nafasi ni yake."

"Mzazi wake ameshatumiwa meseji," alisema Angeline, akitazama chini. "Inajituma yenyewe."

"Basi mtumie nyingine. Mwambie ilikosewa."

Simeon aliirudisha karatasi ndani ya faili. "Nikifuta huyo, lazima nieleze kwa mkurugenzi jinsi mtoto asiyesajiliwa alivyoingia kwenye chumba cha mtihani. Mwalimu Celine atapoteza kazi. Na bado binti yako hataingia, kwa sababu kwenye sistimu yeye si wa hesabu. Nisaidie, mzee. Nifanye nini hapo?"

Alikuwa anauliza kwa dhati. Wekulo alimtazama Mwalimu Celine, ambaye alikuwa mdogo kuliko alivyomdhania, na aliyekuwa akijifinya vidole. Alisema asante, kwa sababu hakujua neno jingine la kusema, halafu akakasirika kwamba amesema asante.

Nje, wazazi walikuwa wameanza kutawanyika. Mlinzi, mzee wa kofia ya sufu, alikuwa akikunja viti vya hema. Wekulo alisimama tena mbele ya ubao.

"Nipe kalamu yako," alimwambia Valary.

Alikuwa hajaandika kitu kirefu kwa miaka mingi. Aliikandamiza kalamu ubaoni, na kwa herufi kubwa zilizovuka ukingo wa safu akaandika pembeni mwa nambari 031: VALARY WEKULO NDIYE ALIFANYA HII. Akakata jina la Maggie, halafu akasita, maana Maggie hakumkosea mtu. Akaliandika upya chini yake, dogo.

Mlinzi alikuwa amekuja kusimama nyuma yao. Aliisoma ile karatasi midomo ikicheza.

"Jumatatu wataitoa hiyo," alisema.

"Wataisoma kwanza."

Mlinzi aliwafungulia geti dogo.

Walitembea hadi penye wauza mitumba. Valary alikuwa akichechemea kidogo kwa sababu ya viatu.

"Baba," alisema, "mimi sasa nimepita ama nimeanguka?"

Wekulo alifungua kinywa akajaribu majibu mawili matatu, na kila moja lilikuwa na kweli yake. Nanyama, mama yake Valary, angeuliza swali hilo hilo wakifika nyumbani, na kesho kanisani watauliza, na keshokutwa Mwalimu Aketch.

"Sijui, mama," alisema. "Vua hivyo viatu, hapa barabara ni laini."