Karakana Iliyofagiliwa

Mkaguzi wa mfuko wa serikali wa mikopo kwa biashara ndogo alikuwa anakuja siku hiyo, na seremala hakuwa na neno la kumzuia dada yake. Tangu utotoni hakuwahi kuwa nalo. Dada huyo, ambaye mtaa mzima ulimbandika jina la Afisa Afya kwa kuwa hapiti mlangoni pa mtu bila kukagua sakafu, aliingia karakana asubuhi na mapema akiwa na ndoo, fagio na kitambaa kipya cha meza.

"Mgeni wa serikali umpokee kwenye takataka?" alisema. "Utaniaibisha mimi niliyekulea."

Seremala akampokea ndoo. Alichokitaka kilikuwa kimoja tu: mashine ya kuranda. Bega lake la kulia lilikuwa limechakaa kwa kusukuma randa ya mkono, na daktari alikwisha kumwambia waziwazi kwamba akiendelea hivyo, mkono huo hautainuka tena. Bila mkopo hapakuwa na mashine, na bila mashine karakana ingefungwa. Akaona heri amridhishe kila mtu, dada kwanza.

Maranda yaliyotapakaa chini ya benchi yakazolewa hadi chembe ya mwisho. Mbao zote, pamoja na vitanda ambavyo havijakamilika, zikahamishiwa stoo ya jirani muuza rangi. Misumeno ikafutwa na kutundikwa ukutani. Mafundi wasaidizi wakaambiwa wakapumzike nyumbani, maana, kwa maneno ya dada, mgeni hakaribishwi kwa nyundo. Meza ikatandikwa kitambaa, juu yake yakawekwa maua ya plastiki. Karakana nzima ikanukia sabuni.

Mkaguzi alikuwa mwanamke kijana, mwenye adabu. Alisimama kizingitini akatazama huku na huku. Aliuliza walipo mafundi, akaelezwa. Aliuliza zilipo kazi za wateja, akaelezwa pia. Alipitisha kidole juu ya benchi, akakitazama: hakikushika hata vumbi. Akapiga picha kwa simu.

"Baba," alisema kwa upole, "hapa panafanyika kazi gani?"

Seremala alicheka, akidhani anataniwa. Alipoona mwenzake hacheki, kicheko kikamfia mdomoni.

Mkaguzi akamfafanulia. Wako watu wanaokodi chumba kitupu, wakaazima misumeno ya kutundika na kutandika kitambaa kizuri mezani. Wakishapata mkopo, hawaonekani tena. Vyumba vya namna hiyo ameviona vingi, na vyote vinanukia sabuni. Kwa sababu hiyo wakaguzi wameagizwa kuandika wanachokikuta, si wanachosimuliwa.

"Nipe muda kidogo, mwanangu, nikatafute ubao. Nitauranda mbele yako."

"Ukiranda kwa ajili yangu, baba, hayo ni maonyesho. Tumekatazwa kuyahesabu."

Akamsihi basi waende stoo kwa jirani. Walikuta kufuli mlangoni. Muuza rangi alikuwa ameondoka na ufunguo kwenda kununua bidhaa. Seremala akaomba ukaguzi urudiwe kesho. Akajibiwa kwamba kila mwombaji hutembelewa mara moja, na maombi mapya hupokelewa mwakani. Hapo akafungua viganja vyake tu, vimejaa sugu. Mkaguzi alivitazama.

"Nakuamini, baba," alisema. "Lakini kwenye taarifa hakuna mahali pa kuandika viganja."

Mkaguzi alikuwa ameshaondoka dada aliporudi kutoka dukani na soda za baridi.

"Mbona hakungoja? Amepaonaje?"

"Amepaona pasafi," alijibu seremala.

"Si nilikwambia?" Dada alizipanga soda mezani, akaunyoosha mkunjo wa kitambaa, uso umemchangamka. Seremala alimtazama, akashindwa kumwambia.

Jioni muuza rangi alirejea, na mbao zikarudishwa. Seremala alilaza ubao kwenye benchi, akajaribu kuranda kwa mkono wa kushoto. Randa ikayumba, ikachimba ubao. Akaihamishia kulia, akauma meno, akasukuma. Maranda yakaanza kudondoka, membamba, yaliyojikunja.

Dada alikunja uso kidogo. Akachukua fagio, akainama miguuni pa mdogo wake, akayafagia yakiwa bado yanadondoka.